Mkwe Wangu na Mabakuli ya Makole

Jumatatu, 2 Juni

Nimepura uwele tangu asubuhi. Upepo mzuri wa kupepeta, ila vumbi lote la Nzuguni limehamia puani mwangu. Nyemo hayupo. Mjukuu wangu siku hizi anatoka mapema, fulana ya kijani, viatu vimefutwa, anakwenda Makole. Huko wamefungua jumba la sayansi, la mwanga na sauti. Watu wanaingia kushika vitu na yeye anawaeleza. Amemaliza kidato cha nne, anasubiri kupangiwa shule, kwa hiyo anajitolea. Sawa. Lakini maji nimechota mwenyewe na mgongo unaniuma.

Mama yake, Janeti, ambaye ni mwanangu wa mwisho, alipita mchana kuniletea mlenda mkavu. Nikamwambia huyu mtoto akipelekwa shule ya mbali mimi nitafia humu ndani, na watu watajua nikishaanza kunuka. Janeti akasema, mama na wewe. Nikasema mama nini. Akaondoka.

Uwele umetoka safi. Mtaa huu hakuna anayepepeta kama mimi.

Jumatano, 4 Juni

Majina yametoka. Nyemo amechaguliwa kidato cha tano. Fizikia, Kemia na Hisabati. Shule ya wasichana, kusini, mbele kabisa ya Iringa. Kasoma kwenye simu, karuka, kapiga teke beseni, maji yote chini. Nikamkemea kwa ajili ya maji. Halafu nikaenda nyuma ya jiko nikacheka peke yangu.

Mimi herufi nilizipata ngumbaru, darasa la watu wazima, na mtoto mgongoni. Kalamu nilikuwa naishika kama mwiko wa ugali. Na mtoto huyo wa mgongoni ndiye Janeti. Leo mtoto wa Janeti anakwenda kusoma Fizikia.

Nimemwambia jirani. Nimemwambia katekista. Nimemwambia na kijana wa mkaa, ambaye hakuniuliza.

Ijumaa, 6 Juni

Janeti kaja na neno kutoka kwa mumewe. Baba Nyemo anasema mtoto haendi. Atafute chuo hapa hapa mjini, ajifunze kushona.

Kushona.

Nikauliza sababu. Janeti anaangalia vidole vya miguu yake. Eti ndivyo alivyosema. Nikampa maneno ya kumpelekea. Hayo siyaandiki, karatasi itaungua. Janeti akasema atamfikishia. Hatamfikishia. Namjua. Kitu ukimpa kibichi anakifikisha kimeiva na chumvi kimetiwa.

Nyemo alikuwa anasikia mlangoni. Hakulia. Akachukua ufagio akafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nagombana na mkwe wangu kichwani, na nilikuwa namshinda.

Kichwani tu. Mkwe wangu sijawahi kusema naye. Siku ya mahari walisema wazee, siku ya ndoa alisema padri. Tangu hapo akija hapa anasimama nje ya ua, mimi najitanda kitenge napita mlango wa nyuma. Hatutazamani, hatupeani mkono, hatuli chakula pamoja. Jina lake silitaji, na hapa pia siliandiki. Ndivyo tulivyolelewa sisi Wagogo. Mama yangu alimheshimu mume wangu hivyo mpaka kaburini. Vijana wa kwaya wananiambia, bibi, hayo ya zamani. Nawaambia na nyie mtazeeka, mtakuwa na ya zamani yenu, na yatakuwa mabaya kuliko yangu.

Kuna anayesema si umpigie simu. Simu! Sauti ya mkwe imeingia sikioni kabisa, kama mtu mnayelala mto mmoja. Siwezi.

Kwa hiyo maneno yote kati ya Nzuguni na Msalato, wanakokaa wao, anabeba Janeti. Miaka yote. Na sasa yamekwama njiani.

Jumanne, 10 Juni

Nyemo anakwenda Makole kama kawaida. Anarudi, anapika, ananiamkia vizuri. Hasemi kitu. Huo ukimya wake ndio unanikera. Angepiga kelele ningejua pa kuanzia.

Leo kasema Jumamosi ni siku ya familia pale jumbani. Kila mwongozaji anakaribisha watu wake aonyeshe kazi. Anataka niende. Nikamuuliza, na baba yako? Akasema naye kaalikwa. Nikasema basi siendi, humo ndani nitajitanda mpaka lini. Akakaa. Akafikiri. Akasema, bibi, baba atakuja asubuhi na wewe utakuja mchana.

Haya.

Alhamisi, 12 Juni

Nimefua kitenge cha kijani, kile kizuri. Nyemo anafanya mazoezi jikoni, anazieleza ndoo na masufuria habari ya mwangwi. Karibuni wageni wetu, anaiambia sufuria ya maharage. Nikamwambia mikono usiizungushe hivyo, unafukuza inzi? Akaishusha. Yuko vizuri. Sikumwambia.

Shule zinafunguliwa mwanzoni mwa mwezi ujao. Msalato kimya.

Jumamosi, 14 Juni

Mkono umechoka lakini haya nitayaandika yote.

Nyemo kaniletea bajaji mchana. Jumba ni kubwa, limepakwa rangi nyeupe, vigae vinateleza. Nikavua viatu mlangoni. Mlinzi akasema, mama, hapa hatuvui. Nikamwambia sakafu safi namna hii mnaikanyaga na viatu? Akacheka. Nikavaa.

Kitu cha kwanza, kila mahali pameandikwa GUSA. Mimi maisha yangu yote nimewafundisha watoto usiguse. Nikashika mikono nyuma. Nyemo akaja, kanga ya shingoni mwangu akaiweka sawa, akasema, bibi, gusa tu, ndiyo kazi yake. Nikagusa sahani ya chuma yenye mchanga juu. Akaipiga ubavuni kwa upinde, kama wa zeze. Mchanga ukatembea. Wenyewe. Ukajipanga ukawa ua. Akapiga tena pengine, ukawa nyota. Akasema, sauti ni kutikisika, bibi, huu mchanga unakimbilia pale pasipotikisika. Hilo nimelielewa. Na mimi mgombano ukianza nakimbilia hapo hapo, au ningekimbilia kama nisingekuwa nimeuanzisha mimi.

Chumba cha taa nyekundu sikukipenda. Niliingia na kitenge cha kijani, nikajitazama, cheusi tii kama nimefiwa. Nikatoka mbio nikakikagua mwangani. Kizima. Nyemo akaeleza kwamba rangi haikai kwenye nguo peke yake, inategemea na taa inayokuja. Nikamwambia nimekinunua kijani na kitabaki kijani. Watu waliokuwa nyuma yetu wakacheka. Naye akacheka. Nilikuwa sijausikia mcheko wake tangu ile Ijumaa.

Kuna ukuta. Unasimama mbele yake, taa inapiga mara moja, pa, unaondoka. Wewe umeondoka na kivuli chako kimebaki pale ukutani. Nilisimama. Taa ikapiga. Nikasogea nikatazama. Mwanamke mrefu, kilemba juu, mgongo umenyooka. Nikauliza yule nani. Mtoto wa shule akasema, ni wewe, bibi. Sikujua nasimama hivyo. Nilirudi mara ya pili, na ya tatu, mpaka watoto wakanung'unika kwenye foleni. Wasubiri.

Halafu Nyemo akapanda kwenye kijukwaa kueleza ukumbi mzima. Wazazi, walimu, watu wa maofisini na suti zao. Mikono kaituliza. Sauti imetoka kifuani. Akaeleza jinsi sauti inavyogonga ukuta ikarudi, na kwa nini kwenye miamba yetu ya Dodoma ukiita unajibiwa. Mzee mmoja wa suti akamtega kwa swali. Akamjibu. Mzee akauliza tena, akajibiwa tena, akaandika kwenye simu. Nikamwambia mama aliyekaa karibu nami, yule ni wa kwangu. Akasema hongera. Nikageuka upande wa pili nikamwambia na mwingine.

Sasa hayo mabakuli.

Ni mawili. Makubwa kuliko ungo, makubwa kuliko mlango, yamesimama wima. Moja mwisho huu wa ukumbi, lingine mwisho ule, na katikati watoto wanakimbia na kupiga kelele. Mbele ya kila moja kuna kiti. Unakaa unalitazama bakuli, mgongo umewapa watu. Nyemo akanikalisha. Akasema, nong'ona, bibi, mimi nakwenda kukaa kule mwisho, utanisikia kama niko hapa. Akaenda.

Nikasubiri. Nikanong'ona. Nikasema, Nyemo, umeeleza vizuri lakini kula kidogo, umekonda kama fimbo ya mfugaji.

Kimya. Halafu ikaja sauti. Ya mwanaume. Ndani ya bakuli, karibu kabisa.

"Shikamoo, mama."

Nilijua. Sijawahi kusemeshwa naye lakini sauti yake naijua, akiwa nje ya ua akiongea na mkewe. Kumbe asubuhi walimchelewesha kazini, huko uwanja wa ndege anakosuka nondo. Ndiyo kwanza alikuwa ameingia.

Nikataka kuinuka. Nikakaa pale nafikiri haraka. Mimi nalitazama bakuli. Yeye anatazama bakuli lake. Mgongo wangu kwake, mgongo wake kwangu, ukumbi mzima katikati. Uso sikuuona. Mkono sikumpa. Nikautafuta mwiko umevunjika wapi, sikuona mahali.

Nikasema, "Marahaba. Mtoto umemkatalia shule kwa nini?"

Akakaa kimya mpaka nikadhani kile chombo kimeharibika.

"Mimi sijamkatalia, mama. Niliambiwa wewe hutaki."

"Nani hataki?"

"Wewe. Mama Nyemo alisema umesema mtoto akienda mbali utafia ndani peke yako. Nikaona kama mama mkwe kasema hivyo, mimi ni nani. Nikasema basi, asiende."

Nilisema kweli. Siku ile ya uwele.

"Nilikuwa nanung'unika," nikamwambia. "Kunung'unika na kukataza ni vitu viwili. Mimi hata mvua naisema. Hata padri namsema."

Akacheka. Mkwe wangu anacheka vizuri, hilo sikulijua.

"Kwa hiyo unataka aende?"

"Nataka aende, na nataka awe wa kwanza huko."

Akasema, "Mimi naogopa kidogo, mama. Ni mbali. Na hiyo Fizikia mimi siijui."

"Hata mimi siijui. Tumekuja kugusa tu. Yeye ndiye anaijua."

Akasema, polepole, "Nilidhani una sauti kali."

"Ninayo. Leo nanong'ona."

Hapo mtoto mmoja wa shule akanigusa begani. Bibi, na sisi zamu yetu. Nikainuka, nikajitanda kitenge, nikatoka kwa mlango wa pembeni bila kugeuka. Nje nikakaa kwenye ngazi.

Jumapili, 15 Juni

Nimemuuliza Nyemo. Anasema ni bahati tu, wageni walimvuta kando, baba akaona kiti kitupu akakaa. Anasema huku anaosha kikombe ambacho ni kisafi. Mimi sikuzaliwa jana.

Simkemei. Akili ya kupanga hivyo haikutoka Msalato.

Jumatatu, 16 Juni

Nilidhani yamekwisha. Hayajakwisha.

Janeti kaja kabla ya chai. Kanuna. Hakuniamkia vizuri. Akakaa kwenye kigoda akasema, kwa hiyo siku hizi mnaongea. Nikasema tumenong'ona. Akasema, sawa, basi mimi kazi yangu imekwisha, ongeeni.

Nikaja juu. Nikamwambia umenigombanisha na mkwe wangu, umechukua nung'uniko la mzee umelifanya amri. Akanitazama machoni, Janeti ambaye huwa anatazama vidole. Akasema:

"Mama, ningekuwa nafikisha kila ulichokuwa unasema, mngekuwa maadui kabla huyo Nyemo hajazaliwa. Unajua umemwita nini mume wangu miaka yote hii? Na yeye unajua alisema nini ulipomkataa yule mbuzi wa mahari eti amekonda? Nimekula mimi hayo yote. Nimewaletea salamu tu."

Mbuzi yule kweli alikuwa amekonda.

Nikanyamaza. Ni kitu ambacho sikifanyi mara nyingi, na Janeti mwenyewe alishtuka. Halafu ndipo nikaona. Neno langu alilibeba. Neno la mumewe alilibeba. Katika maneno yote niliyosema siku ile, alichagua hilo moja na kulifikisha bila chumvi, kama lilivyo. Janeti hajawahi kufikisha kitu kibichi. Mara hii moja kafikisha.

Nikamuuliza, "Na wewe? Wewe unasemaje?"

Akaangalia mlango. Akasema, "Sijawahi kuulizwa."

"Nimekuuliza."

Akalia. Mtu mzima, mama wa watoto. Akasema, mtoto nilikupa wewe akiwa darasa la kwanza kwa sababu shule ilikuwa karibu na kwako. Namuona Jumapili kama mgeni. Nilijiambia akimaliza kidato cha nne atarudi kwangu hata kidogo, tupike pamoja, nimsuke. Sasa anakwenda tena. Halafu chuo. Halafu mume. Mimi nitakuwa naye lini?

Sikumkemea. Niliweka chai. Nikamtilia sukari nyingi kama alivyokuwa anapenda akiwa mdogo. Tukanywa. Nyemo alikuwa ameshakwenda Makole. Ingefaa awepo, na ingefaa asiwepo.

Mwishoni nikamwambia, mimi la kwangu nimesema, mumeo la kwake amesema, limebaki la kwako na mimi silibebi. Kamwambie mwanao mwenyewe.

Jumatano, 18 Juni

Janeti hajaja. Nyemo kapita Msalato jana kutoka Makole na amelala huko.

Nimepika nikazidisha chakula. Nimewapa kuku.

Ijumaa, 20 Juni

Bado wako huko. Sina habari na hakuna wa kuniletea, mletaji ndiye mwenye habari. Kama Janeti atasema hapana, ni hapana. Yeye ndiye aliyezaa. Nimeapa sitasema kitu. Nimekaa na kiapo changu tangu asubuhi na kinanichoma.

Jirani kaniuliza, Fizikia lini? Nikamwambia aangalie chungu chake kinaungua. Hakikuwa kinaungua.

Jumapili, 22 Juni

Wamekuja wawili baada ya misa. Nyemo kasukwa. Mistari midogo midogo, imenyooka, kazi ya siku nzima. Janeti macho mekundu lakini kichwa kiko juu.

Kasema, anakwenda. Ila nampeleka mimi. Mimi mwenyewe, mpaka bwenini, nione kitanda chake. Si wewe na si baba yake. Na likizo ya kwanza anakuja kwangu.

Nikasema sawa.

Akasubiri niongeze kitu. Sikuongeza. Wala sikunung'unika, maana sasa najua linaweza kufika wapi.

Nyemo alipiga magoti kunishukuru. Nikamwambia inuka, sketi ni ya kanisani. Halafu nikamshika uso. Nikamwambia pale jukwaani uliposema habari ya sauti, mimi niliyekuzaa kwa kumzaa mama yako, niliona ni kama nimesema mimi. Nilikuwa sijapanga kumwambia. Limetoka.

Alhamisi, 3 Julai

Tranka limefungwa. Godoro limeviringishwa. Nimemuwekea karanga za kukaanga na unga wa uwele. Anasema shuleni wanapika. Wanapika nini.

Leo kawaaga wa Makole. Yule mzee wa suti aliyemtega alikuwa mwalimu wa chuo. Kamwambia akimaliza kidato cha sita amtafute. Nimemwambia Nyemo asimtafute haraka, mzee atafute kwanza maswali magumu zaidi.

Jumamosi, 5 Julai

Wameondoka alfajiri, Janeti na mwanawe.

Baba Nyemo alikuja kubeba tranka. Nilikuwa bado uani, nimechelewa kuingia ndani. Alipofika nje ya ua akasimama, akageuka akatazama barabara, kama inavyotakiwa. Na mimi nikageuka nikatazama ukuta. Wengine walikuwa ndani wanatafuta ufunguo wa tranka.

Akakohoa. Kidogo tu, kunijulisha yuko pale.

Siku zote huwa naondoka hapo. Leo nilisimama. Nikakohoa na mimi.

Kumekucha. Baridi kali. Nimefagia chumba cha Nyemo, nimefungua dirisha, nimekaa kwenye kitanda chake nikanywa chai.